Jina Letu Mbele ya Mnunuzi

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wanachama watasoma mengi juu ya maghala, mizani, pembejeo na malipo ya pili. Sisi tumepewa jambo lisilokuwa na paa wala kuta, nalo ni tovuti ya Chama: jinsi inavyoonekana, au isivyoonekana, kwa mtu aliye mbali anayetafuta kahawa, maharage, asali na nta. Huenda mzee mmoja akauliza, "Kitu cha juzi hicho, kina historia gani?" Twamjibu kwa heshima kwamba historia yake ni ndefu kuliko kompyuta yenyewe. Tangu mkulima wa Buha alipoanza kuuza kitu nje ya mipaka ya kijiji chake, taabu yake haikuwa kulima tu, bali pia kujulikana kwa jina lake mwenyewe kwa mtu mwenye fedha.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Lakini nchi yetu ya milimani ipo kaskazini ya reli, na kwa miaka mingi reli ile ilichukua kwetu watu zaidi kuliko mazao. Katika utawala wa Waingereza Buha ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walipounda ofisi yao ya kuandikisha wafanya kazi, vijana wa Kasulu na Kibondo walikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Wakaitwa manamba, maana kila mtu alijulikana kwa namba aliyopewa. Basi katika madaftari ya wenye mashamba nchi hii iliandikwa, ila haikuandikwa kwa kahawa yake wala kwa asali yake; iliandikwa kwa idadi ya mikono. Twalitaja jambo hili si kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu lahusu hasa shabaha ya kurasa hizi: mtu asiyeandika habari zake huandikiwa na wengine, nao huandika lile linalowafaa wao.

Wenzetu wa Kilimanjaro walilitambua hilo mapema. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima wenyeji wa kahawa, na baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 kikazaliwa, mwaka 1933, chama kikuu kilichojulikana kwa herufi nne, KNCU. Bukoba walifuata mwaka 1950, na wakulima wa pamba wa kando ya Ziwa Victoria wakaunganisha vyama vyao katika shirikisho moja mwaka 1955. Waliyoyafanya katika kupima na kulipa yanajulikana na wote. Lisilosemwa mara kwa mara ni kwamba vyama vile viliwapa wakulima anwani. Chama cha siku zile kilikuwa na Sanduku la Posta na kibao mlangoni. Na biashara kubwa ilikuwa hata na anwani ya telegramu, yaani neno moja fupi lililoandikishwa Posta, ili mnunuzi wa ng'ambo asilipie maneno mengi. Karani aliyesahau kulipia Sanduku la Posta alifungiwa, na barua za wanunuzi zikarudi zilikotoka. Tunaomba msomaji aliweke Sanduku hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zake zikatiwa mikononi mwa mamlaka za mazao na mashirika ya umma, mpaka Sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kurudi kwake. Wengi hukumbuka hasara ya majengo na magari. Kwa maoni yetu hasara iliyokawia zaidi kupona ni ya majina: mnunuzi aliyezoea kukiandikia chama fulani alikosa wa kumwandikia, na vyama viliporudi vilimkuta amekwisha kujifunza njia nyingine.

Kahawa yetu nayo ilikwenda mnadani Moshi, ikapangwa kwa madaraja, AA, A, B, PB na mengineyo. Madaraja hayo hueleza ukubwa na umbo la punje. Hayaelezi kilima ilikotoka wala mkono ulioichuma. Zaidi ya hayo, wafanya biashara wa Japani wana kanuni inayoruhusu kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Hatusemi kuwa kanuni hiyo ni mbaya. Jina la Kilimanjaro limewafaidia wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aweza kunywa mjini Tokyo kahawa iliyoanikwa Kasulu, akaisifu kwa moyo wote, na sifa zote zikauendea mlima ulio mbali nasi zaidi ya kilomita 700.

Waethiopia walipoona majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe yakitumiwa na wengine, Serikali yao ilianza mwaka 2005 kuomba yasajiliwe Marekani, na baada ya mabishano makubwa na kampuni ya Starbucks wakafikia mapatano mwaka 2007. Na hapa hapa mkoani, jina la Kanyovu, ushirika wa wakulima wa kahawa, limekwisha kuonekana katika orodha za wauzaji wa kahawa wa nchi za nje. Hivyo jambo lawezekana hata kwa watu wa Kigoma.

Mnunuzi wa leo haanzi kwa kuandika barua. Huanza kwa kuandika maneno mawili matatu katika simu yake, akapata majibu kabla hajaketi vizuri. Yafaa tueleze mitambo hiyo ya kutafutia ilitoka wapi, maana asiyejua asili yake hudanganywa na mafundi.

Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN huko Uswisi, alitoa wazo la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali, na tovuti ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1991. Kurasa zilipokuwa chache, watu waliziorodhesha kwa mkono. Mwaka 1994 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, waliandika orodha iliyokuja kuitwa Yahoo. Ilikuwa kama daftari la wanachama: karani husoma, hupanga, huandika. Lakini kurasa zikaongezeka kama mchwa baada ya mvua, na kazi ikapita uwezo wa makarani. Mwishoni mwa mwaka 1995 ukatokea mtambo wa AltaVista, ambao ulizunguka wenyewe, ukasoma kurasa na kuyakumbuka maneno yake. Mitambo ya kizazi kile ilitegemea mno maneno yenyewe. Mwenye kuliandika neno "kahawa" mara mia katika ukurasa mmoja alionekana kuwa bingwa wa kahawa, hata kama hakuwa na mche mmoja.

Hapo ndipo Larry Page na Sergey Brin, nao wa Stanford, walipoleta wazo lililozaa kampuni ya Google mwaka 1998. Walisema ukurasa usipimwe kwa maneno yake tu, bali upimwe pia kwa wingi na heshima ya kurasa nyingine zinazoutaja. Kwa mkulima wazo hili si geni. Mtu akifika kijijini akajisifu kuwa ni mpimaji mwaminifu, hatumwamini kwa maneno yake. Twawauliza wanaomfahamu, na neno la mmoja mwenye heshima hushinda la wapita njia kumi. AltaVista ilifungwa mwaka 2013, na orodha ile ya Yahoo ikafungwa mwaka 2014. Mashahidi waliwashinda makarani.

Hapa kwetu mambo hayo yalichelewa kufika. Intaneti ya Tanzania ilitegemea kwa miaka mingi satelaiti, nayo ilikuwa ghali. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ukaanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa kupeleka mawasiliano mikoani. Umeme wa gridi ya Taifa ulitufikia huku milimani mwaka 2022. Kabla yake ilikuwa majenereta na dizeli, na ofisi nyingi zilichaji simu kwa jua. Tunayaandika haya ili vijana wasidhani kuwa baba zao walikuwa wavivu wa kuandika.

Sasa tuje Kabanga. Mtu akiandika neno Kabanga peke yake katika mtambo wa kutafutia, mara nyingi hupelekwa kwanza Ngara, mkoani Kagera, kwenye Kabanga nyingine yenye nikeli chini ya ardhi. Habari zake zimeandikwa na makampuni ya madini na magazeti ya fedha ya nchi nyingi, hasa tangu kampuni ya Tembo Nickel ilipoundwa mwaka 2021 kwa ubia na Serikali yetu. Huko huko Ngara ndiko kuliko na mpaka wa Kabanga, wa kuvukia kwenda Burundi. Mtafutaji akiongeza neno Kasulu, ndipo afikapo kwetu: hukutana na hospitali ya misheni, chuo cha ualimu, na kituo walikohifadhiwa watoto na watu wazima wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa, habari iliyoletwa katika macho ya dunia na waandishi wa nchi za mbali. Akiandika Kasulu tu au Kibondo tu, huona kambi za wakimbizi: Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, Mtabila iliyofungwa mwaka 2012, Nduta.

Habari hizo ni za kweli, na nyingine ni za heshima kubwa kwa watu waliowapokea wageni kwa miaka mingi. Lakini kahawa iko wapi? Maharage yanayoshuka kila msimu kwa malori yako wapi? Nta ya misitu ya Kibondo iko wapi? Mtambo hauna chuki na mtu. Hutoa ulichoelezwa na wengi. Wengi wameueleza juu ya nikeli na juu ya wakimbizi, na wachache wameueleza juu ya mkulima. Hii ndiyo hasara yenyewe, wala si ya maneno matupu. Mnunuzi asiyempata mwenye mali humpata dalali, na dalali humjia mkulima wakati wa njaa ya masika, kahawa ingali mtini, akiwa na bei aliyoipanga peke yake.

Dawa ya kwanza ni ndogo hata yachekesha: kuandika jina kamili. Kila ukurasa wa Chama, tangu kichwa chake, useme "Kabanga, Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, Tanzania", na useme pia zao linalouzwa. Kichwa kinachosema "Karibu katika tovuti yetu" hakimwambii mtu kitu. Ni kama kibao kilichoandikwa "Hapa ndipo". Kisha jina hilo, pamoja na namba ya simu na Sanduku la Posta, liandikwe kwa tahajia ile ile mahali pote: katika tovuti, katika stakabadhi, katika ukurasa wa Facebook, katika ramani ya Google ambamo mwenye biashara huandikisha ofisi yake bila malipo. Mtambo ukikuta namba tatu za simu kwa chama kimoja, husita, kama mnavyosita nyinyi mkiletewa hundi yenye sahihi mbili zisizofanana. Na kwa kuwa mwaka 2012 Wilaya ya Buhigwe ilikatwa kutoka Kasulu, na Kakonko ikakatwa kutoka Kibondo, vyama vya msingi vya huko vitazame kama kurasa za zamani haziwaweki bado katika wilaya walizotoka.

Tena kuna jambo la lugha, ambalo mafundi wa mjini hawalijui kwa sababu hawauzi maharage. Sisi husema maharage. Mnunuzi wa Nairobi huandika maharagwe. Mjerumani anayetaka kahawa yetu huandika jina la nchi yetu Tansania, kwa herufi s, maana ndivyo lugha yake inavyoandika. Wafanya biashara wa Burundi wengi husoma Kifaransa. Haifai kuyarundika majina hayo yote katika mstari mmoja. Lakini ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa vizuri, na mwingine wa Kiingereza, na ikiwezekana wa Kifaransa, kila mmoja ukisimama kwa miguu yake, huwafikia watu ambao ukurasa mmoja peke yake hauwafikii. Kurasa nzuri za Kiswahili juu ya mazao ni chache bado, na penye wachache kuonekana si kazi.

Turudi kwenye Sanduku la Posta. Tovuti nayo ina sanduku lake, nalo huitwa jina la kikoa. Majina yanayoishia na .tz yalianza kutumika mwaka 1995, na mwaka 2006 kikaundwa kituo cha tzNIC cha kuyasimamia hapa nchini. Wanaushirika wachache wanajua kwamba vyama vya ushirika vya dunia nzima vina mwisho wao wenyewe, .coop, uliokubaliwa mwaka 2000 na kufunguliwa mwaka 2002, na ambao kampuni ya mtu binafsi hairuhusiwi kuutumia. Jina lolote kati ya hayo hulipiwa kwa mwaka, sawa na Sanduku. Lisipolipiwa hufungwa, kisha mtu mwingine aweza kulichukua bila kuvunja sheria yoyote, na sifa iliyojengwa kwa miaka, yaani wale mashahidi wote waliokuwa wakilitaja, humwendea mgeni huyo. Tumeona majina ya mashirika yenye heshima yakigeuka milango ya kamari. Ndiyo habari ya mwaka 1976 kwa umbo jingine, ila safari hii hakuna Serikali iliyoamuru.

Tunakijua chama kimoja, nje ya wilaya zetu, kilichotengenezewa tovuti na kijana fundi. Jina likaandikishwa kwa jina la fundi, nywila zikabaki katika simu ya fundi, na fundi alipopata kazi nyingine chama kikasimama nje ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo yapasa jina liandikishwe kwa jina la Chama, na barua pepe ya usajili iwe ya ofisi wala si ya mtu. Nywila zitiwe katika bahasha ndani ya kasha la fedha, wazijue watu wawili, na ada ya mwaka iwe kifungu katika makisio yanayopitishwa na Mkutano Mkuu. Fedha yenyewe ni ndogo. Huenda haizidi chai ya vikao vichache vya Halmashauri, na twaisema hivyo tukijua nani watasoma.

Wengine watauliza kwa nini tusitosheke na Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako vijana wetu wamo usiku na mchana. Ni mahali pazuri pa kutangazia mkutano. Lakini huko tumekodi meza katika soko la mtu. Mwenye soko akibadili kanuni, au akifunga ukurasa kwa kosa tusilolijua, hatuna wa kumshitakia. Na yaliyosemwa katika kundi la WhatsApp hayasomwi na mtambo wa kutafutia hata kidogo.

Juu ya hila hatuna budi kusema kidogo, kwa sababu ofisi za vyama hupokea barua pepe za watu wanaoahidi kuiweka tovuti nafasi ya kwanza kwa wiki mbili. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza. Mwaka 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa katika majibu ya Google, kwa kuwa iliuonyesha mtambo kurasa zilizojaa maneno, na kuwaonyesha watu kurasa nyingine. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilishushwa chini baada ya gazeti kufichua kwamba kurasa nyingi zisizohusiana nalo zilikuwa zimelipwa ili zilitaje. Mwaka huo huo na mwaka uliofuata Google ilibadili kanuni zake mara mbili kwa nguvu, kwanza dhidi ya kurasa zisizo na maana, kisha dhidi ya mashahidi wa kununuliwa. Wakulima wanaijua habari hii. Mchanga katika pamba huongeza uzito siku moja, na sukari katika asali hujaza debe; lakini mnunuzi akigundua, hutupwa mzigo wa kijiji kizima, wa mwongo na wa mkweli. BMW na J.C. Penney ni matajiri, waliweza kurudi. Chama kidogo hakina nguvu hizo.

Mashahidi wa kweli hupatikana kwa kazi ya kweli. Mnunuzi aliyeridhika aombwe aandike katika tovuti yake kwamba kahawa yake ameinunua kwetu, na aweke kiungo. Halmashauri ya wilaya, chuo, redio ya mkoa, mradi uliojenga mtambo wa kumenyea kahawa, wote wanaotutaja waombwe kufanya vivyo hivyo. Shahidi mmoja wa namna hiyo, aliyetoka katika shughuli hasa, ana uzito kuliko orodha mia zisizosomwa na mtu.

Na ukurasa wenyewe uwe na nini? Uwe na majibu ya maswali ambayo mnunuzi huuliza kwa simu. Kahawa ni ya aina gani, imeoteshwa kwenye mwinuko gani, imeoshwa au imekaushwa na ganda, imeanikwa juu ya meza za waya au chini? Maharage ni ya rangi gani, yamechambuliwa? Asali imetoka katika mizinga ya magome au ya mbao, imekamuliwa vipi? Chama chaweza kutoa magunia mangapi, na yatakuwa ghalani lini? Cheti gani na leseni gani zipo? Tumeona tovuti nyingi za vyama, hapa nchini na kwingineko, zenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe, na hotuba yake yote, lakini mtu asome mpaka mwisho hajui kinachouzwa. Hotuba zina mahali pake, hata kijitabu hiki kinazo, mnunuzi hazitafuti.

Maelezo hayo yaandikwe kwa maneno, yasipigwe picha. Karatasi ya bei iliyopigwa picha na kubandikwa huonekana vizuri kwa mtu, lakini kwa mtambo ni kama barua ndani ya bahasha. Mara nyingi hauisomi sawasawa. Picha za mashamba ziwepo, zenye maelezo chini yake, lakini zipunguzwe ukubwa, kwani picha nzito huifanya simu ingoje, na anayengojeshwa huondoka. Tangu mwezi wa Aprili 2015 Google huzipendelea, kwa anayetafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri katika simu. Na tangu mwaka 2018 programu yake ya Chrome humwonya msomaji kwamba tovuti isiyokuwa na ulinzi wa usiri si salama. Cheti cha ulinzi huo hupatikana bila malipo, na mtengenezaji asiyekiweka aulizwe sababu.

Shamba la kahawa lisilopaliliwa misimu miwili twalijua linavyokuwa. Tovuti huota majani kwa namna yake: tangazo la Mkutano Mkuu uliokwisha kupita, jina la Katibu aliyestaafu, bei ya msimu wa juzi, namba ya simu iliyofungwa. Mnunuzi akiona hayo hudhani Chama kimekufa. Ni afadhali kurasa tano zenye habari za msimu huu kuliko hamsini zilizosahauliwa. Karani apewe siku moja kila mwezi kwa kazi hii, iandikwe katika ratiba yake kama siku ya kufunga hesabu. Siku hiyo afungue pia kitabu cha bure cha Google kinachoitwa Search Console, kilichoanza kwa jina jingine, nacho humwonyesha watu waliandika maneno gani walipoiona tovuti yetu, na wangapi waliingia. Ni mizani ya jambo hili. Likionekana neno ambalo watu wengi waliliandika wakaondoka bila kuingia, basi hapo pana swali ambalo ukurasa wetu haukulijibu vizuri.

Tangu mwaka 2024 pameingia mabadiliko mengine. Google imeanza kuweka juu ya orodha jibu lililoandikwa na akili unde, na watu wengi husoma jibu hilo wakaishia hapo, wasifungue ukurasa wa mtu. Wako wanaosema kwamba tovuti basi imekwisha kazi. Sisi twaona kinyume. Akili unde haijafika Kabanga. Haijaonja kahawa wala kusikia harufu ya nta. Inajua yaliyoandikwa tu, na ikiulizwa juu ya mazao ya Kasulu itajibu kwa maandishi iliyoyakuta, yawe ya nani. Pasipo na maandishi huweza hata kubuni, kwa ufasaha ambao mgeni hawezi kuutilia shaka, na Kabanga ya kahawa ikachanganywa na Kabanga ya nikeli katika sentensi moja.

Kwa sababu hiyo tunaviomba vyama vya msingi, ambavyo siku hizi huitwa AMCOS, kila kimoja kilete ofisini, kabla ya kuanza kwa msimu ujao wa kupokea kahawa, karatasi moja iliyoandikwa kwa hati inayosomeka: jina la kijiji na la kilima kama wenyeji wanavyolitamka na kuliandika, idadi ya wakulima, zao na aina yake, mwinuko wa mahali kama Bwana Shamba alivyoupima, na namba ya simu ya Katibu inayopokelewa. Picha mbili zatosha, moja ya shamba na moja ya watu kazini. Karatasi zipokelewe na Karani wa Chama Kikuu, naye ataziingiza kwa zamu kadiri zinavyofika, bila kungoja zitimie zote.